Kalkuleta ya simu au ya duka: ipi ikae kwenye kaunta?

Jumapili sokoni Kibuye, hapa Kisumu, mtu hapati hata nafasi ya kwenda msalani, lakini siku hiyo ilinibidi. Nikamwachia mpwa wangu kaunta. Yuko kidato cha nne na hesabu anazijua kunishinda. Akaja mama mmoja kununua gorogoro (ule mkebe wetu wa kupimia nafaka) tatu za mahindi na mbili za maharagwe. Mahindi tulikuwa tunauza 130, maharagwe 280. Kijana akaivuta kalkuleta ya duka, akabonyeza kama alivyozoea kwenye simu yake: 3 × 130 + 2 × 280, kisha ile alama ya jawabu. Akasoma alichokiona kabla hajakifikiria: "Ni 109,760."

"Nyathina," mama akamwuliza, "hayo ni maharagwe ama ni ng'ombe wa maziwa?"

Niliporudi watu walikuwa bado wanacheka. Kijana alikuwa ametoa simu, amebonyeza yaleyale kwa mpangilio uleule, na simu imempa 950. "Mjomba, hii kalkuleta yako imeharibika."

Haikuwa imeharibika. Ilifanya kazi iliyoundiwa, na simu nayo ikafanya yake. Tangu siku hiyo kila jirani anayeanza biashara akiniuliza kwa nini anunue kalkuleta ilhali simu iko mfukoni, humsimulia kisa hiki kwanza, kisha namwuliza: wewe huwa unakosea wapi? Maana mashine hizi mbili hazikosei. Sisi ndio tunakosea, na kila moja ina mahali pake pa kutukosesha.

(Kiswahili sanifu kina neno kikokotoo, na ni neno zuri. Lakini ukiomba kikokotoo pale sokoni utaletewa kitu kingine kabisa. Nitasema kalkuleta.)

Mashine mbili, akili mbili

Kalkuleta ya kawaida ya dukani, ile yenye vitufe vikubwa na kioo kilichoinuka kidogo, haina subira. Kila unapobonyeza alama mpya, inamaliza hesabu iliyotangulia. Kwa hiyo ilizidisha 3 kwa 130 ikapata 390, ikaongeza 2 ikapata 392, kisha ikazidisha yote kwa 280. Ndiyo ile 109,760.

Simu za kisasa, karibu zote, husoma mstari mzima kama mwalimu anavyousoma ubaoni: kuzidisha na kugawanya kwanza, kujumlisha na kutoa baadaye. Ni ile BODMAS tuliyokaririshwa shuleni, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita MAGAZIJUTO.

Nimeweka hapa mambo manne ambayo mtu yeyote anaweza kujaribu sasa hivi, akiwa na mashine zote mbili mbele yake:

| Unachobonyeza | Kalkuleta ya duka | Simu |
|---|---|---|
| 2 + 3 × 4 | 20 | 14 |
| 3 × 130 + 2 × 280 | 109,760 | 950 |
| 390 + 300 ÷ 2 | 345 | 540 |
| 100 ÷ 3 × 3 | 99.999999 (ya tarakimu 8) | 100 |

Ukiniuliza mstari wa kuogopa, si wa pili. Huo unachekesha na mteja mwenyewe anakukamata. Uogope wa tatu. Mteja amechukua mahindi ya 390, akaongeza nusu gorogoro ya njugu, na njugu ni 300 kwa gorogoro nzima. Unabonyeza 390 + 300 ÷ 2 na kalkuleta ya duka inakwambia 345. Hiyo ni bei inayofanana na bei. Hakuna atakayecheka. Mteja atalipa, atashukuru na kuondoka, na wewe umepoteza shilingi 195 bila kujua zimepitia wapi. Jioni ukihesabu sanduku utamshuku mfanyakazi.

Mstari wa nne ni wa chama zaidi kuliko duka. Mkigawana elfu kumi watu watatu, kalkuleta ya duka ikirudisha hesabu italeta tisa nyingi, na daima kuna mwanachama mmoja atakayeuliza ile senti imeenda wapi. Mwambieni imeenda kwenye kioo, kilikosa nafasi.

Jinsi ya kuitumia ya duka bila kuaibika

Hapa ndipo wengi wanaoidharau kalkuleta ya duka hawajafika. Ina kumbukumbu, na kumbukumbu yake iliundwa kwa ajili ya muuzaji. Unabonyeza 3 × 130 kisha M+. Unabonyeza 2 × 280 kisha M+. Ukimaliza bidhaa zote unabonyeza MR, au MRC kwenye nyingine, na jumla inatokea: 950. Mteja akibadilisha mawazo kuhusu maharagwe, ambayo hutokea, unabonyeza 2 × 280 kisha M- na yanatoka.

Zenye kitufe cha GT ni rahisi zaidi. Hizo hazikudai M+ hata kidogo. Unafanya kila bidhaa na kuimaliza kwa alama ya jawabu, na yenyewe inaweka majawabu yote pembeni. GT inakuletea jumla kuu. Kwa mtu anayeuza vitu kumi kwa mteja mmoja, sijaona kwenye simu kitu kinachoshinda hicho kwa kasi.

Ila kumbukumbu ina ubaya wake, na nimeuonja. Ukiona herufi ndogo M kwenye kona ya kioo, ujue ndani kuna pesa za mteja aliyetangulia. Mzee mmoja aliwahi kuja kwangu kuchukua gorogoro mbili za mahindi, 260. Nilikuwa nimetoka kumhudumia mtu wa 950 na sikufuta. Nikamwambia mzee 1,210. Hakubishana. Aliweka gunia lake chini taratibu na kunitazama mpaka nikajitazama mwenyewe. Siku hizi kidole changu kinafuta kumbukumbu kabla mteja hajafungua mdomo.

Na kuna kaswichi. Kalkuleta nyingi kubwa zina kaswichi kadogo ka kusukuma juu ya vitufe, kenye herufi F, tarakimu kadhaa na herufi A. Kwenye A, mashine inadhani unaingiza shilingi na senti, hivyo inaweka nukta yenyewe: 130 + 280 inakuja 4.10. Mtoto wa jirani alikachezea wakati mmoja na tukashinda nusu saa tukidhani betri imekufa. Kaweke kwenye F na ukasahau huko.

Simu haina mambo haya. Nyingi hata kitufe cha M+ hazina. Badala yake simu inakuonyesha mstari wote ulioandika, na hilo ni jambo kubwa. Ukikosea katikati unagusa pale palipokosewa na kupasahihisha, si kuanza upya. Isitoshe inaweka hesabu za nyuma: simu za Android zimekuwa nazo kwa miaka mingi, na iPhone ilipata orodha yake na iOS 18 mwaka 2024. Mteja akirudi baada ya dakika kumi akidai ulimzidishia, unateremsha orodha na kumwonyesha. Kalkuleta ya duka haina ushahidi wa namna hiyo. Zipo zenye kitufe cha CHECK kinachorudisha hatua moja baada ya nyingine, lakini ukianza hesabu mpya ushahidi umeyeyuka.

Asilimia, ugomvi wa miaka yote

Jirani yangu wa hardware ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya asilimia, kwa sababu yeye ana VAT na mimi nafaka zangu hazinisumbui kwa hilo. Kiwango ni asilimia 16. Mwaka 2020, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Desemba, kilishuka hadi 14, kisha kikarudi.

Sasa bonyeza 1000 + 16 % kwenye mashine zako. Simu nyingi za leo zinaleta 1,160. Kuna simu, hasa za zamani kidogo, zinazoleta 1,000.16, kwa sababu kwao asilimia 16 ni 0.16 tu na inaongezwa ilivyo. Kalkuleta yangu ya kaunta inaleta 6,350. Ya jirani, ambayo ni ya aina nyingine, inaleta 1,160 kama simu. Mashine nne, majawabu matatu, na hakuna iliyoharibika. Hiyo yangu imejibu swali jingine kabisa: 1,016 ni asilimia ngapi ya 16? Ukitaka iongeze asilimia unabonyeza 1000 × 16 %, inakuonyesha 160, kisha unabonyeza + na inakuwa 1,160. Sijui ni nani aliyeketi akaamua hivyo, lakini nimeshaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaofunguka kwa kusukuma na bega.

Dawa ni kuacha kile kitufe. Zidisha kwa 1.16. Mashine yoyote duniani, hata kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya shilingi elfu moja, itakupa jawabu moja. Punguzo la asilimia 10 ni kuzidisha kwa 0.9. Faida ya asilimia 20 juu ya bei ya kununulia ni kuzidisha kwa 1.2.

Kuna kosa ambalo hakuna mashine itakayokuokoa nalo. Bei ni 1,160 pamoja na VAT, unataka kujua bila VAT ni ngapi. Watu hutoa asilimia 16: simu inatii na kuleta 974.40. Si kweli. Bei ya kweli ni 1,000, kwa sababu ile asilimia 16 ilihesabiwa juu ya elfu moja, si juu ya 1,160. Unagawanya kwa 1.16. Tofauti ya 25.60 kwa kila elfu inaonekana ndogo mpaka uwe unauza mabati.

Kalkuleta ya duka yenye kitufe cha MU, kile cha kuongeza faida, inahitaji kujaribiwa kabla ya kuaminiwa. Ipe 100 na 20. Ikikuletea 120, inahesabu faida juu ya bei ya kununulia. Ikikuletea 125, inahesabu faida ndani ya bei ya kuuzia, maana 25 ni asilimia 20 ya 125. Zote ni njia halali za kufanya biashara. Shida ni kudhani unafanya moja kumbe unafanya nyingine.

Kidole gumba kinachopotea njia

Tazama vitufe vya kalkuleta yako: mstari wa juu ni 7, 8, 9. Sasa fungua pale unapopiga simu, au unapoandika kiasi cha kumtumia mtu kwa M-Pesa: mstari wa juu ni 1, 2, 3. Mpangilio wa kalkuleta ulirithiwa kutoka mashine za kujumlishia za zamani. Ule wa simu ulichaguliwa na watu wa Bell Labs kule Marekani baada ya kujaribu mipangilio kadhaa, kabla simu za vitufe hazijaanza kuuzwa mwaka 1963. Tangu hapo hizo mbili hazijapatana, na sasa zimewekwa ndani ya simu moja.

Matokeo yake kwa mtu wa kaunta ni haya. Siku nzima kidole gumba chako kinaingiza namba za simu na kiasi cha pesa, 1 ikiwa juu kushoto. Ghafla unafungua kalkuleta ndani ya simu hiyohiyo, na juu kushoto sasa ni 7. Mstari wa kati haubadiliki, 4, 5, 6 ziko palepale. Lakini 1 inakuwa 7, 2 inakuwa 8 na 3 inakuwa 9. Ukitaka 130 kwa haraka bila kutazama, unapata 790. Mimi binafsi nimeikosea mara zisizohesabika, na nyingi niliziona tu kwa sababu jumla ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Kalkuleta ya duka ikiwa kitu tofauti, kizito kidogo, kimekaa mahali pake, mkono unakijua. Ule wa kulia ukishaizoea haupotei. Vitufe vinavyobonyea vinakwambia umebonyeza. Kioo cha simu hakikwambii kitu, na ukigusa mara moja huwezi kujua kama ni mara mbili mpaka utazame. Kwa mtu anayejumlisha risiti arobaini jioni, kalkuleta ya vitufe inakimbia mbali sana mbele ya simu. Na kile kitufe kimoja cha 00 kinaokoa muda kuliko kinavyoonekana.

Jua, maji na stima

Kisumu ina jua, hili halihitaji ushahidi. Saa saba mchana chini ya mwavuli kioo cha simu kinakuwa giza, unakifunika kwa kiganja na kuchungulia kama mtu anayetazama ndani ya chungu. Simu ikipata joto sana inapunguza mwanga yenyewe, na kuwa mbaya zaidi. Kioo cha kalkuleta ya duka hakitoi mwanga wake, kinatumia wa nje, kwa hiyo jua likizidi ndivyo kinavyosomeka.

Usiku mambo yanageuka. Stima ikipotea, kalkuleta ya duka haionekani kitu, na simu ndiyo inayokuwa taa na kalkuleta kwa wakati mmoja.

Mikono nayo. Wauza samaki wa Dunga wanajua: kioo cha simu na kidole chenye maji havielewani. Ukigusa 5 inaandika 8, au inaruka kabisa. Kwangu si maji, ni unga na vumbi la omena, lakini shida ni ileile, pamoja na kwamba simu imejifunga na inataka alama ya kidole ambacho haikitambui. Kalkuleta yangu bado imevaa mfuko wa nailoni wa kabla ya marufuku ya Agosti 2017. Vitufe vinabonyeka vizuri kupitia nailoni hiyo. Nimekatazwa na mke wangu kuutoa, anasema sitapata mwingine.

Kuhusu umeme: kalkuleta ya duka hula betri ndogo kwa miaka, na nyingi zina kipande cha sola. Ila si kila sola ni sola. Zipo za bei ya chini ambazo kipande hicho ni pambo tu. Muuzaji akikuruhusu, itoe betri na kuiweka kwenye mwanga. Ikizimika, umejua.

Simu kwa upande wake ina kazi zake nyingine, na hizo ndizo zinazoila chaji na kukukatiza. Uko kwenye bidhaa ya saba, shemeji anapiga. Ukimaliza naye hesabu mara nyingi bado iko, inakungoja. Wewe ndiye umesahau kama gunia la tano ulikuwa umeliingiza.

Mteja anaona nini?

Jambo hili sikulifikiria mpaka nilipoliona. Nikitazama simu mbele ya mteja, anadhani niko WhatsApp. Nikitazama kalkuleta, anajua ninamhesabia yeye.

Zaidi ya hapo, kalkuleta ya kaunta ni meza ya mapatano. Kibuye inapokea watu wa kila aina, kutoka Siaya, Vihiga, Nandi na kwingine, na si kila mtu ana lugha ya kutosha kubishania bei. Namwandikia mtu 4,800 na kumgeuzia kioo. Anaifuta, anaandika 4,300, ananigeuzia. Naandika 4,600. Hatujasema neno na tumekaribia kuuziana. Simu yangu simpi mtu nisiyemjua kuishika, na yeye hatataka kuigusa, maana ndani mna pesa zangu na ujumbe wangu. Ile nyingine hata akikimbia nayo hajakimbia na kitu.

Ingawa hukimbia nayo. Si wezi, ni majirani. "Niazime dakika moja" ya Kibuye inaweza kuchukua siku tatu. Ndiyo sababu yangu imefungwa kamba kwenye msumari.

Simu inaposhinda bila ubishi

Jioni, nyumbani, bila mteja. Hapo kalkuleta ya duka naiacha sokoni bila majuto. Chukua swali la kila mwenye nafaka: gorogoro niuze ngapi? Gunia la mahindi la kilo 90, kwa gorogoro ya kilo mbili hivi, linapaswa kutoa 45. Lakini gorogoro haipimwi kwa kusawazishwa, inapimwa kwa kichuguu, na mteja bado anadai cha juu. Halafu kuna kinachomwagika na kinacholiwa na panya. Tuseme unapata 43. Umenunua gunia 4,500, gari 150, mpakuaji 50. Kwenye simu unaandika (4500 + 150 + 50) ÷ 43 na unapata 109.30. Unagusa 43 na kuigeuza 45: 104.44. Unagusa 150 na kuigeuza 250 kwa sababu wenye magari wamepandisha. Kila badiliko ni kugusa sehemu moja tu, na yote iko mbele yako.

Ukiuza 130, gorogoro 43 zinakupa 5,590, yaani faida ya 890. Zingekuwa 45 ungepata 1,150. Kichuguu kimekula 260 kwa gunia. Sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipoanza kuchezea namba kwa utulivu, na nililiona kwenye simu. Kwenye ya duka ningechoka kuingiza upya kabla sijafika hapo.

Onyo moja tu: simu imekuja na kalkuleta yake. Huna sababu ya kupakua nyingine. Baadhi ya zile za bure hukurushia matangazo katikati ya hesabu, na nyingine huomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wako. Kalkuleta haihitaji intaneti wala bando. Ikiomba kujua unawajua nani, ifute.

Kabambe je? Inayo kalkuleta, na chaji inakaa siku kadhaa. Kwenye nyingi unatafuta alama za kujumlisha na kuzidisha kwa kubonyeza nyota mara kadhaa, na nukta iko kwenye kitufe cha reli (#). Kwa dharura inafaa. Kwa kazi ya siku nzima ni adhabu.

Na ile ya mwanafunzi, yenye vitufe vidogo vya sayansi? Kama una mtoto wa sekondari itabidi uinunue tu, kwa sababu mtihani wa KCSE unaruhusu kalkuleta isiyo na sauti na isiyopangiwa programu, na simu hairuhusiwi kabisa chumbani. Lakini usiilete kaunta. Inafuata BODMAS kama simu, vitufe ni vya kucha, na aina mpya ukigawanya 100 kwa 3 zinakuletea sehemu, si desimali, mpaka ubonyeze kitufe kingine. Mteja hataki sehemu.

Kichwa kisiachwe nje

Marehemu mama aliuza omena Luanda, kwenye barabara ya kwenda Busia, na hakuwahi kumiliki mashine ya aina yoyote. Chenji alikuwa haitoi, alikuwa anaipandia. Ununuzi wa 365, mteja ametoa noti ya 1,000. Mimi ningebonyeza 1000 - 365. Yeye aliweka shilingi tano mkononi mwa mteja na kusema "370", akaweka kumi tatu, "400", kisha mia sita, "1,000". Hesabu na kuhesabu pesa vilikuwa kitendo kimoja, na mteja alihesabu pamoja naye. Hadi leo sijaona mashine iliyo na kasi hiyo kwa chenji, na mimi mwenyewe chenji siibonyezi. Ukiibonyeza kwenye mashine unapata 635, halafu bado itakubidi uihesabu tena ukitoa sandukuni. Umefanya kazi mara mbili.

Kichwa kina kazi nyingine: kukisia kabla ya kubonyeza. Gorogoro tatu za 130 ni kama mia nne. Mbili za 280 hazifiki mia sita. Kwa hiyo jumla haifiki elfu. Mtu aliyeshika hilo kichwani hawezi kutamka laki moja na tisa elfu. Mpwa wangu anaweza kutafuta kipeo cha pili cha chochote, lakini hakuwa amekisia, na hapo ndipo alipoteleza.

Basi nikuchagulie?

Ukikaa kaunta mchana kutwa, una wateja zaidi ya kumi kwa saa, au mikono yako ina maji au unga: ya duka, na ufunge simu mfukoni. Ukinunua kuliko kuuza, ukiwa mweka hazina wa chama, ukiwa fundi anayekadiria mbao au mpishi wa harusi anayepanga bajeti: simu, na usipoteze pesa kwa kingine. Ukiwa na duka la jioni pale Kondele linalouza kwa taa, simu pia, mpaka upate taa nzuri. Ukiwa na mfanyakazi, nunua ya duka hata kama wewe huipendi, kwa sababu ukiondoka unaondoka na simu yako.

Usitumie zote mbili kwa mteja mmoja kwa wakati mmoja. Nilijaribu. Vidole vinachanganya tabia za hii na za ile, na unarudi kwenye ng'ombe wa maziwa.

Mwezi uliopita dada yangu, mama yake yule kijana, alifungua kibanda chake cha nafaka na nikaenda mjini kumtafutia kalkuleta. Mpwa wangu alinifuata. Muuzaji akatupangia tatu mezani, zote kubwa, zote zinang'aa. Nilitaka tarakimu 12, 00 na GT. Kabla sijauliza bei kijana alishazivuta na kubonyeza 2 + 3 × 4 kwa kila moja. Mbili zilitoa 20. Ya tatu, iliyokuwa nzuri kuliko zote kwa macho, ikatoa 14, na akairudisha mwenyewe. Tukachukua moja ya zile za 20, shilingi 650, na tulipotoka nikanunua kamba mita moja.